Bi Kifuniko Anastaafu, Pipa Likiwa Tupu

Mimi ninayeandika nina miaka sabini na nane. Nimewaona walimu wakuu wanne wakija na kuondoka. Mageti mawili ya chuma yameliwa na kutu nikiwepo, kengele ya shule imepasuka nikiisikia, na yule daktari aliyeniambia kwamba nikiendelea na chumvi sitafika sitini nilimzika mimi mwenyewe, kwa maana ya kwamba koleo nilishika. Kwa hiyo nikisema kwamba Ijumaa hii, tarehe thelathini, mpishi mkuu wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, na kwamba hajatokea mwingine kama yeye, nasema kama mtu aliyeona wengi.

Kawaida ukurasa huu wa jarida la wafanyakazi huandikwa na mwalimu wa lugha. Safari hii pia aliandika, na nasikia yalikuwa maandishi mazuri, yenye maneno kama mdau na lishe endelevu. Bi Kifuniko akasomewa. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo anayesemwa ni nani. Kisha akasema aandike yule mzee wa kuku, angalau anajua masufuria yako wapi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule nilisoma kidogo, nikaacha walipofika kwenye kugawanya, lakini kusoma niliendelea mwenyewe kwa kusoma magunia, na sijaona gunia lililonishinda. Karani wa ofisi amepewa kazi ya kupiga chapa. Nimemruhusu aguse mikato peke yake.

Kazi yangu hapa ni kuku wa shule. Mimi pia nilishawahi kustaafishwa, miaka kumi iliyopita. Nilipewa chupa ya chai na hotuba, na kesho yake asubuhi nikarudi, kwa sababu kuku walikuwa hawajastaafu. Hakuna aliyenifukuza. Nadhani waliona haya.

Bi Kifuniko alikuja hapa mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na tisa, ameajiriwa kumenya viazi. Siku ile ya kwanza ni mimi niliyemwonyesha jinsi ya kuwasha lile jiko la pembeni, linalotaka kubembelezwa, na mpaka leo hakuna anayeliwasha kama yeye, kwa hiyo mwalimu alikuwa mzuri. Wiki haikuisha akaanza vita yake ya kwanza. Zamani masufuria yetu yalichemka wazi, mvuke unapanda darini, na wapishi wakiona ule mvuke wanajisikia wanafanya kazi. Yeye akaenda stoo akaokota mabati mabovu, akampelekea fundi bati, akakatiwa vifuniko. Kila sufuria ikavaa kofia. Mpishi mkuu wa wakati ule akamwambia chakula kikifunikwa hakipumui. Akajibu kwamba chakula si mgonjwa. Kuni zikaanza kubaki, na muuza kuni akaja mwenyewe kuuliza kama kuna mtu amemsengenya.

Tangu hapo jina lake la kwenye cheti tulilisahau. Ni Bi Kifuniko, na wanafunzi wapya hudhani ndivyo alivyoitwa na babake. Aliwahi kumchapa mwiko wa mkono mkaguzi wa afya aliyefunua maharage bila kubisha hodi. Mkaguzi akaandika kwenye taarifa yake kwamba jiko ni safi na ulinzi ni mkali.

Sasa niseme habari ya pipa, kwa sababu bila pipa hamtamjua huyu mama.

Pipa la makombo lilisimama mlangoni mwa bwalo, la bluu, urefu wake hadi kifuani kwangu, na mimi si mfupi. Sheria ya zamani ilikuwa upawa mmoja uliojaa kwa kila mtoto, awe na njaa asiwe nayo, awe bondia wa kidato cha nne au msichana mwenye mafua. Kuongezewa hakuna, kupunguziwa hakuna. Kinachobaki kinaingia pipani, na cha pipa ni cha kuku wangu. Na vijana mnawajua. Kijana wa miaka kumi na sita ana matumbo mawili: la chipsi halijai, la mboga limejaa tangu juzi. Basi pipa lilijaa kila siku na kuku wangu walinawiri hata wageni walikuwa wakiuliza kama ni bata mzinga. Jogoo wangu, niliyemwita Kanali, alinenepa mpaka akitaka kuwika anakaa kwanza. Kwa miaka yote ile sikununua hata kibaba cha chakula cha kuku. Nilikuwa najisifu kwa hilo, na mtu mwenye haki ya kujisifu asinyimwe.

Miaka sita iliyopita mvua zikakata misimu miwili. Kisima cha shule kikashuka. Mboga zikawa zinatoka mbali kwa lori, nyama inatoka mbali zaidi, na muuza kuni akasema miti ya karibu imekwisha, sasa anapanda mlimani. Mwalimu mkuu akakaa na Bi Kifuniko wakapanga chakula upya. Nyama iwe mara moja kwa wiki. Siku nyingine ni dengu, maharage, kunde, viazi, maboga, na mboga za msimu kutoka bustani ya shule, si mboga za kusafirishwa kama watalii. Na chakula kisitupwe. Bi Kifuniko alikuja bandani kunieleza. Alisema hawa watoto ndio watakaobaki hapa duniani sisi tukishaondoka, kwa hiyo lazima wajifunze kula bila kuimaliza. Nilimwambia ni maneno mazuri, lakini kuku wangu hawakuombwa maoni.

Alianza kwa njia ya wasomi, kwa sababu aliambiwa ndiyo njia yenyewe. Picha zikabandikwa ukutani, dunia inalia machozi. Kufikia jioni dunia ilikuwa imechorwa masharubu na kushikishwa paja la kuku. Mwalimu wa jiografia, mtu mwema mwenye sauti nzuri, akawahutubia bwaloni juu ya maji anayotumia ng'ombe mmoja mpaka awe kitoweo. Hesabu ilikuwa ya kweli, nilimwuliza baadaye. Lakini mkono ukanyooshwa kule nyuma, ukauliza kwa adabu kama si ng'ombe ndiye aliyefaa kuhutubiwa. Bwalo zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka, kosa kubwa.

Mwenye mkono alikuwa msichana mrefu wa kidato cha tatu waliyemwita Wakili, kwa kuwa huwezi kumwambia leo ni Jumanne asikuombe ushahidi. Ni yeye aliyepanga mgomo, na niseme kweli, sijaona mgomo uliopangwa vizuri vile, na mimi nimeona migomo. Hakuna kelele, hakuna kiti kilichovunjwa. Wanapanga mstari, wanapokea upawa wa dengu, wanasema asante Mama, wanatembea mpaka kwenye pipa, wanamwaga, wanaondoka. Mwalimu wa zamu hakuwa na pa kushika. Utamwadhibu mtoto kwa kusema asante? Kisha wanakwenda nyuma kwenye uzio kununua chipsi kwa muuza kibanda, zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, na mifuko ile upepo ukaileta kwangu.

Pipa moja halikutosha, likatafutwa la pili. Kuku wangu waliona pepo. Na mimi, msinihukumu, nilikaa kimya, maana mwenye shibe hamwamshi aliyelala. Methali hiyo nimeitunga mimi.

Mpaka alipokufa Malkia. Malkia alikuwa kuku wangu bora wa mayai, mweusi, mwenye madaha. Asubuhi moja nikamkuta amelala ubavu, tumbo limejaa naye hana nguvu ya kumeza maji, na kabla ya jua kupanda akawa amekwenda. Nilimpasua kujua sababu. Ndani palikuwa na mfuko wa chipsi, umekunjika kama leso. Kisha nikaenda jikoni nikamwambia Bi Kifuniko kwamba kuanzia leo mimi niko upande wake, na vita hii sasa ina damu. Akaniambia pole Mzee, akanipa uji, akanitaka nitoke mlangoni kwa sababu nilikuwa bado na kisu.

Wiki ile ile ikaja bodi ya shule. Mwenyekiti wa bodi ni mfanyabiashara wa magodoro, mtu mpole, mwenye mwili kama bidhaa zake. Wazazi walikuwa wamelalamika kwamba watoto hawali. Akayaona yale mapipa mawili yamejaa dengu mpaka ukingoni, inzi wanafanya sherehe. Akasema hakuna haja ya ugomvi. Yupo mkandarasi anayeweza kuleta chakula kwa gari kila siku, chipsi na kuku wa kukaanga, kila mtoto na kiboksi chake. Bodi itarudi mwisho wa muhula. Ikikuta pipa liko hivi, jiko litafungwa, na wapishi watashukuriwa.

Kushukuriwa mnakujua. Kwa Bi Kifuniko maana yake ilikuwa kwenda nyumbani miaka sita kabla ya wakati wake, yeye na wasaidizi wake wanne, na kuacha watoto wakilishwa vile vitu vilivyomwua Malkia. Bodi ilipoondoka nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitu ambacho huwa anakataza.

"Mzee," akaniambia, "mimi kazi nyingine siijui. Na sitaki kuijua."

Nilimpa ushauri. Nilimshauri awachape. Hakuufuata, na hapa nakiri tu kwamba hakuufuata, sikiri kwamba ulikuwa mbaya.

Alichofanya kilitushangaza wote. Alimwita Wakili jikoni. Bwalo zima likajua msichana anakwenda kukaangwa, na rafiki zake wakamsindikiza mpaka mlangoni kama wanaosindikiza maiti. Bi Kifuniko akamvalisha aproni. Akamwambia kwamba Jumatano jiko ni lake, yeye na wenzake wa meza yake. Dengu zile pale, mboga ziko bustanini, kuni hizi, wapike wanavyojua kwa ajili ya shule nzima. Wakili akaomba maelezo kwa maandishi. Akaambiwa hakuna.

Jumatano hiyo mimi nilikuwepo, nilikuja kwa ajili ya maganda. Nimeona majengo yakiungua, sijaona kitu kama kile. Waliweka chumvi mwanzoni kabisa, wakaongeza moto kama wanaofua chuma, wakafunua kila saa kuchungulia, mvuke ukapanda darini kama zamani. Chini zikaungua, juu zikabaki ngumu. Na Bi Kifuniko alikaa kwenye kiti, mikono ameikalia. Nasema ameikalia kwelikweli, chini ya mapaja, ili isiinuke ikasaidie. Jasho linamtoka. Mtu aliyemchapa mkaguzi kwa ajili ya kifuniko alitazama masufuria kumi yakichemka wazi na hakusema neno. Katika kazi zake zote za miaka thelathini na moja, mimi naiheshimu ile zaidi.

Saa ya chakula ikafika, na wenzake Wakili wakafanya kama alivyowafundisha. Mstari, asante dada, pipa. Dengu zake zikaanza kumiminika mbele ya macho yake. Alisimama nyuma ya meza mpaka wa tano au wa sita. Kisha akatoka na upawa mkononi, akaenda kusimama mbele ya pipa, akamzuia jamaa mmoja wa timu ya mpira, mrefu kumpita.

"Una kesi gani na dengu zangu?"

Jamaa akasema ni ngumu. Akaulizwa amejuaje, na hajaonja. Akaonja. Akasema kweli ni ngumu. Wakili akasema sawa, hiyo ni hoja, pita. Aliyefuata akaulizwa vivyo hivyo. Mstari mzima ulilazimika kuonja na kutoa sababu, na wengi waliona ni kazi kubwa kuliko kula, wakarudi wakaketi. Wakili mwenyewe alimaliza sahani yake mbele ya watu, macho yamemjaa machozi, na si kwa pilipili.

Kesho yake alfajiri alikuwa jikoni, hajaitwa. Aliuliza kwa nini ziliungua. Hapo ndipo Bi Kifuniko akaitoa mikono yake. Akamwonyesha kuloweka, akamwonyesha moto mdogo, na akamkabidhi kifuniko. Kisha Wakili akaenda kumtafuta mwalimu wa jiografia akamwomba zile hesabu za maji, zote, kwa sababu sasa alikuwa na mteja wa kutetea. Mwalimu alikuja kunihadithia huku akikaribia kulia. Miaka yote anasomesha, alikuwa hajawahi kufuatwa na mtu.

Jumatano ya pili dengu zilikuwa nzuri. Ya tatu meza nyingine ikadai siku yake, kwa maneno ya dharau, wakasema wale wa Jumatano wanapika kama wanaoogopa kitunguu. Ikawa kila meza na siku yake. Vijana wakaanza kugombania maboga. Timu ya mpira ilipika kunde na viazi, na nahodha wao, mvulana mwenye sauti ya kutisha, akanikuta bustanini akaniuliza kwa upole kama bizari inatangulia au inafuata. Nilimjibu. Sikumbuki nilijibu nini, lakini nilijibu kwa uhakika.

Na Bi Kifuniko akaivunja ile sheria ya upawa uliojaa. Akaleta vijiko vidogo, kila mtu ajipakulie mwenyewe. Chukua kidogo, ukitaka rudi, urudi hata mara ngapi. Wakubwa walidhani chakula kitaisha. Hakikuisha. Mtu akijipakulia mwenyewe tonge lake analijua. Chipsi za uzioni zikakosa wateja, na muuza kibanda akaanza kuuza ndizi.

Lakini pipa likawa linashuka. Kwanza nusu, kisha robo, kisha nikawa nainama kutafuta. Lile la pili likarudishwa stoo. Nilikwenda jikoni kwa heshima zote nikaomba vijana waachwe walau na uhuru wa kubakiza kidogo siku za Ijumaa. Bi Kifuniko akaniambia kuku wangu nao wajifunze. Nikamkumbusha kwamba tuko upande mmoja. Akasema ndiyo, na upande wetu unashinda. Maganda nayo alikuwa ameanza kuyapeleka kwenye shimo la mbolea kwa ajili ya bustani, tukagombana hapo kwa ndoo, yeye anavuta huku mimi navuta kule, maganda yakamwagika, na karani aliyekuwa anapita akaombwa awe mwamuzi. Aliamua maganda ni ya bustani. Sijamsahau, ingawa ndiye anayepiga chapa haya.

Chakula cha kununua sikununua. Nilikuwa nimeshasema kwa miaka mingi mbele ya watu kwamba kuku wa mzee huyu hawali cha dukani, na mimi neno langu silirudishi nyuma kama gari bovu. Walichakura uwanja mzima, wakala wadudu, wakala majani. Walikuwa wazima, daktari wa mifugo aliwaona. Ila unene ule wa kifalme ulikwisha. Kanali alibaki shingo na kiburi. Ukimtazama kwa mbele humwoni, mpaka ageuke.

Mwisho wa muhula bodi ikarudi. Walikaribishwa bwaloni baada ya vijana kula, wakapangiwa meza, kila mjumbe akawekewa sahani ya dengu na mboga, ambayo hakuna aliyeigusa kwa sababu walikuja kufanya kazi. Mwenyekiti akaenda moja kwa moja kwenye pipa. Akachungulia. Akaligonga kwa pete yake, likalia kama kengele. Akachungulia tena, kisha akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mazingaombwe.

"Mimi nimelea watoto saba," akasema. "Hakuna kijana anayemaliza dengu. Haya, makombo mmeyaficha wapi?"

Bi Kifuniko akasema yamo matumboni. Mwenyekiti akajibu kwamba matumboni bodi haiwezi kukagua. Wakafungua stoo, wakaangalia nyuma ya tangi, wakachokoa shimo la mbolea, wakakuta maganda. Mjumbe mmoja akasema bila shaka yalizolewa alfajiri kwa ajili ya wageni, hata kwake akija mgeni vitu huwa vinasogezwa. Mwalimu mkuu akaanza kueleza, akaeleza mno, na mtu akieleza mno anaonekana mwongo. Wakili akataka kusimama kutoa ushahidi, wakamwambia watoto huwa wanafundishwa la kusema. Ndiyo shida yenyewe. Kitu kilichopo utakionyesha. Kisichokuwepo utakionyesha vipi?

Nikamwona Bi Kifuniko anafungua aproni. Hakuwa na hasira. Aliivua taratibu, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani. Nilikuwa nimefanya kazi na huyu mama miaka ishirini na mitano, na sikuwahi kumwona bila aproni saa saba mchana. Sikusubiri kuona kinachofuata. Nilikwenda bandani kwa mwendo ambao miguu yangu ilikuwa imeuaga zamani, nikamchukua Kanali kwapani, nikarudi naye bwaloni, nikamsimamisha juu ya meza mbele ya Mwenyekiti, katikati ya karatasi.

"Mheshimiwa," nikasema, "aliyekuwa anakula makombo ya shule hii ni huyu. Mtazame."

Wakamtazama. Wajumbe wawili walimkumbuka jinsi alivyokuwa, maana mara ile ya kwanza aliwazuia njiani na ilibidi wamzunguke. Mmoja akauliza kama anaumwa. Nikasema haumwi, ana njaa ya makombo, na kuku hafundishwi la kusema. Na Kanali, ambaye hakuwa ameiona dengu iliyopikwa kwa wiki nzima, akaiona moja. Akaiona sahani ya Mwenyekiti.

Alikwenda kama mshale. Mwenyekiti, mtu mwenye magodoro yake na heshima zake, akaiwahi sahani akaikumbatia kifuani. Kanali akaruka tena. Mwenyekiti akainuka, akaipeleka sahani juu ya kichwa, mchuzi ukamshukia kwenye mkono wa shati, naye akaulamba bila kufikiri, kama mtoto. Akasimama. Akalamba tena, safari hii kwa kufikiri. Nilimkamata Kanali miguu. Mwenyekiti akaketi, akaizungushia sahani mkono wa kushoto kama ukuta, akala mpaka chini, macho hayamtoki jogoo. Alipomaliza akanyoosha sahani aongezewe, ijazwe.

Wakili ndiye aliyekuwa zamu. "Chukua kidogo, Mheshimiwa," akamwambia. "Ukitaka, rudi."

Alirudi mara mbili. Kisha akajifuta, akachukua ile aproni iliyokunjwa, akamrudishia Bi Kifuniko kwa mikono miwili. Akasema jiko libaki, lakini huyu jogoo naye apewe kitu.

Hiyo ndiyo habari, na wanaosema mimi ndiye niliyeliokoa jiko sitawabishia. Ila bila Bi Kifuniko jogoo angekuwa mnene, na mnene hashuhudii.

Tangu hapo shule nyingine zimetuma watu kuja kuona. Huonyeshwa vijiko vidogo, vifuniko, bustani, na pipa, ambalo siku hizi tumeotesha vitunguu ndani yake. Karani alitupatanisha upya: maganda ya Jumanne na Ijumaa ni ya kuku, mengine ya bustani, na kuku nimewapunguza mpaka idadi ambayo uwanja unaweza kuilisha. Wazazi nao wana malalamiko mapya. Mama mmoja alikuja kuuliza ni nani aliyemfundisha mwanawe kuchungulia ndoo ya taka ya nyumbani na kuhoji watu. Baba mwingine alisema bintiye hampishii mtu asiyejua mboga yake imetoka wapi, naye baba hajui, kwa hiyo analala na njaa. Tuliwaambia wachukue kidogo, warudi.

Bi Kifuniko, kwa niaba ya jiko, bustani, ofisi na banda, tunakushukuru. Ulitukuta tunachemsha wazi, unatuacha tumefunikwa. Unaondoka siku yako mwenyewe, si siku waliyokupangia wengine, kwa mlango wa mbele, na ufunguo wa jiko umemkabidhi msaidizi wako kwa mkono wako. Uende salama, ule kwa raha na kwa kukaa, na jiko la kwako liwe na moto mdogo usiozimika.

Wa kuthibitisha niliyoyaandika wapo. Yupo Wakili, ambaye sasa anasomea uanasheria kweli na bado hupika Jumatano. Yupo Mwenyekiti, akiwa dukani kwake, msimkumbushe shati. Yupo daktari wa mifugo, atakayewaambia kwamba Kanali alikufa mwaka juzi kwa uzee na si kwa njaa. Karani yupo, ingawa ana upendeleo kwa bustani. Na yupo mume wa Bi Kifuniko, fundi viatu, ambaye miaka yote hii alijipikia mwenyewe chakula cha mchana akala peke yake kwenye kibanda chake, kwa sababu mkewe alikuwa anawapikia wana wa watu. Ijumaa atakuja getini kumpokea. Muulizeni hapo hapo getini, lakini msimcheleweshe.